Kuingilika, Kupitika, Kutazamika: Uhakiki wa Makumbusho ya Sanaa kwa Jicho la Mtu Aketiye

Neno "ufikivu" limekwisha ingia katika Kiswahili cha sheria, cha mipango ya miji na cha magazeti, wala halina dalili ya kutoka. Wengine husema "ufikikaji", wengine "ufikiaji", lakini wote hukusudia jambo moja, yaani jengo au huduma iwe ya namna ambayo mtu mwenye ulemavu ataweza kuifikia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, umeliweka jambo hilo katika kifungu chake cha 9. Na katika kifungu cha 30 umeyataja makumbusho kwa jina, pamoja na majumba ya tamthilia, ya sinema na maktaba, katika kueleza haki ya watu hao ya kushiriki katika maisha ya utamaduni. Kenya iliuridhia Mkataba huo mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Kisha Tanzania ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Basi neno hilo si pambo. Lina nguvu ya sheria nyuma yake, na upungufu uliomo ndani ya neno la namna hiyo huwa upungufu wa watu wengi.

Madhumuni ya makala haya ni kulipima neno hilo kwa kulipeleka mahali pamoja palipo pagumu, napo ni makumbusho ya sanaa. Aendaye posta akapata stempu yake amekwisha pata alichokijia. Lakini aendaye kutazama picha, haja yake haiishi mlangoni wala ukumbini; yaanza pale aliposimama mbele ya picha. Na hata kitenzi hiki cha kusimama, kilichokuja chenyewe kalamuni kwa kuwa ndicho kilichozoeleka, chatuonyesha tatizo lilipo. Lugha zetu na majengo yetu vimekwisha kubaliana kwamba mtazamaji wa sanaa ni mtu aliye wima. Dai langu ni kwamba makumbusho yaliyofunguliwa mlango kwa kiti cha magurudumu huenda bado yamelifungia jicho la mtu aketiye katika kiti hicho; na kwamba neno "ufikivu", kwa umbo lake, lausaidia upungufu huo usionekane.

Yafaa tuanze na umbo hilo. Wanafunzi wa sarufi wanajua kwamba kiambishi cha kutendeka, yaani -ik- na jamaa zake, kina tabia ambayo kiambishi cha kutendwa hakina. Twaweza kusema "mlango umefunguliwa na Juma", lakini hatuwezi kusema "mlango umefunguka na Juma". Kitenzi cha kutendeka humfuta mtenda. Huifanya hali ionekane kuwa ni sifa ya kitu chenyewe, kana kwamba barabara inapitika kwa asili yake, au mlima haupandiki kwa tabia yake, bila kumtaja apitaye wala apandaye. Hii ni hazina kubwa ya Kiswahili, wala sisemi tuiache. Nasema tu kwamba mtu anapotangaza kuwa "jengo hili linafikika", sentensi imekamilika kisarufi hali swali lenyewe halijaulizwa: lafikiwa na nani, kwa njia ipi, na akiisha kulifikia hufanya nini? Kauli ya kutendwa ingalimlazimisha msemaji amtaje mtu, au angalau ingalimwacha msikilizaji akimngoja. Kauli ya kutendeka humwondolea deni hilo.

Kwa sababu hiyo nitaligawa neno hilo moja katika maneno matatu yaliyo wazi zaidi, ambayo sikuyatunga mimi bali yamo katika lugha au yaweza kunyambuliwa na mzungumzaji yeyote: kuingilika, kupitika na kutazamika. La kwanza lahusu mlango, la pili lahusu njia ya ndani, la tatu lahusu jicho. Nitayachukua moja baada ya jingine.

Juu ya kuingilika sitakawia, kwa maana ndilo lililosemwa sana. Majumba mengi ya sanaa ya Ulaya na Marekani yalijengwa katika zama ambazo ngazi ndefu za mbele zilikuwa alama ya heshima: mtu alipanda kuiendea sanaa kama apandaye kuiendea madhabahu. Kwa mtu wa kiti cha magurudumu, ngazi hizo zilikuwa na maana moja tu, nayo ni mlango wa nyuma. Mimi natumia kiti hicho. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo, nilikwenda katika nyumba moja ya sanaa kutazama maonyesho ya maisha yote ya mchoraji mmoja. Nikaingizwa kwa mlango wa mizigo na kupandishwa kwa lifti iliyopandishia masanduku ya picha. Mtumishi aliyenisindikiza alikuwa mwungwana, sina neno juu yake. Lakini lifti ya mizigo ilifunguka katika chumba cha mwisho cha maonyesho, si cha kwanza. Picha zilikuwa zimepangwa kwa miaka. Nikauona uzee wa mchoraji kabla ya ujana wake, nikamwona amekwisha shika mtindo ambao sikujua aliutoa wapi. Jengo lilikuwa limeingilika. Hoja ya maonyesho, iliyopangwa kwa taabu na wataalamu, ilinijia kinyumenyume, kama kitabu kilichoanzwa na hitimisho. Basi hata katika kuingilika, ambako ndiko kwepesi, swali si kama mtu ameingia, bali ameingilia upande gani wa maana.

Wako waliolishughulikia jambo hilo kwa akili. Piramidi ya kioo ya Louvre mjini Paris, iliyosanifiwa na I. M. Pei na kufunguliwa mwaka 1989, huwashusha wageni wote katika ukumbi mmoja ulio chini ya ardhi. Katikati ya ngazi ya mzunguko iliyomo humo pana lifti ya duara isiyo na paa, ipandayo na kushuka kama nguzo. Mtu wa kiti hushuka mahali palepale washukapo wenzake, mbele ya macho ya watu, naye akiwaona. Hakufichwa. Twaweza kubishana kama kuonwa na ukumbi mzima ni heshima au ni adha, lakini haiwezekani kukana kwamba msanifu alimfikiria tangu mwanzo, akamweka katikati ya mchoro wake wala si pembezoni.

Tuje sasa kwa kupitika. Na hapa hapana jengo lifaalo kuhakikiwa kuliko Makumbusho ya Solomon R. Guggenheim mjini New York. Mwaka 1943 Hilla Rebay, mchoraji na mshauri wa tajiri Solomon Guggenheim, alimwandikia msanifu Frank Lloyd Wright kumtaka alijenge. Kazi ikachukua miaka 16. Guggenheim alifariki mwaka 1949. Wright naye alifariki Aprili 1959, na jengo likafunguliwa tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo bila wawili hao kuwapo. Alichokibuni Wright kilikuwa kigeni kabisa. Badala ya vyumba vinavyofuatana, alijenga njia moja ya mteremko, yenye urefu wa kiasi cha mita 400, ijizungushayo kama kombe la konokono kandokando ya uwazi mkubwa, na juu yake kuba la kioo liingizalo nuru. Mgeni apande kwa lifti hata juu, kisha ateremke taratibu huku akitazama picha, mpaka ajikute tena mlangoni.

Mtu asiyekaa katika kiti cha magurudumu, akiisoma habari hiyo, atasema: Hili ndilo jengo lake! Hapana ngazi katika safari hiyo. Mteremko ndio jengo lenyewe. Mahali pengine mteremko huongezwa ubavuni baada ya malalamiko, hapa wote wenye miguu na wasio nayo hupita njia moja. Waama, sifa hiyo ni ya kweli na haifai kupunguzwa. Katika historia ya usanifu ni nadra kukuta jengo kubwa ambamo njia ya mtu wa kiti si njia ya pembeni bali ndiyo njia kuu, hali ya kuwa msanifu wake hakuwa akimfikiria mtu huyo.

Lakini kwa kuwa hakumfikiria, jengo lilimpa njia likamnyima kituo. Tazama namna mwili ufanyavyo kazi. Mtu wa miguu, akiwa juu ya mteremko, husimama. Vifundo vyake hurekebisha mwinamo bila yeye kujua, naye akasahau kabisa kwamba yuko mtelemkoni. Kiti cha magurudumu hakina vifundo. Kikielekea chini chataka kwenda chini. Na picha haiko chini, iko ukutani, ubavuni mwa njia. Basi ili kuitazama, mtu hukigeuza kiti kikakingama. Hapo gurudumu moja liko chini kuliko jingine, magurudumu madogo ya mbele yatafuta kugeukia bondeni, na mwili wote waegemea upande mmoja. Atie breki, au ashike gurudumu kwa mkono. Akitia breki, kila hatua ya kusogea, ya kurudi nyuma apate kuona picha nzima, au ya kukaribia aone mkwaruzo wa brashi, huwa ni kuifungua na kuifunga tena. Akishika kwa mkono, basi sehemu moja ya fikira yake haiko katika picha. Iko katika kiganja. Kutazama sanaa ni kujisahau kidogo, na mahali hapa humkumbusha mtu mwili wake kila nukta.

Ajabu ni kwamba ubishi juu ya mteremko huo ulianza kabla jengo halijafunguliwa, lakini haukuwa wa ajili yake. Mwaka 1956 wachoraji 21, miongoni mwao Willem de Kooning, Franz Kline na Robert Motherwell, walitia sahihi barua kwa mkurugenzi James Johnson Sweeney wakilalamika kwamba mahali pa namna hiyo hapafai kuonyeshea picha. Wright alitaka picha ziegemee ukuta uliolala nyuma kidogo, kama picha ilalavyo katika egemeo la mchoraji. Sweeney hakuridhika, akazitoa ukutani kwa fito za chuma zikasimama wima hewani. Basi katika mabishano hayo picha ilipata wakili. Ilikubaliwa kwamba picha haiwezi kuonekana sawasawa ikiwa imeinama, ikatengenezewa chuma cha kuinyosha. Mtazamaji aliyeinama hakutengenezewa kitu, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba mtazamaji hujinyosha mwenyewe.

Na kuna ukuta mfupi unaoizuia njia hiyo isiangukie katika uwazi wa katikati. Kwa mtu asimamaye, ukuta huo ni kipeo cha raha ya jengo: juu yake huona ng'ambo ya pili, watu wakipita katika mizunguko mingine, picha zikionekana kwa mbali, na yote hayo kwa mtupo mmoja wa jicho. Kwa aketiye, ukuta huohuo hukata sehemu ya chini ya mandhari hiyo, sehemu ambayo ndiyo inayokupa kujua kimo na kina. Jumba ambalo uzuri wake mkuu ni uwazi wa katikati humpa yeye nusu ya uwazi.

Jengo la nyongeza lililosanifiwa na Gwathmey na Siegel na kufunguliwa mwaka 1992 lina vyumba vya sakafu iliyo sawa, na humo kiti hutulia. Aidha, mwaka 2019 jengo la Wright liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na majengo yake mengine, jambo ambalo ni haki yake. Sisemi mteremko ule usawazishwe. Kuusawazisha ni kuua kazi ya sanaa. Nasema tu kwamba uhakiki wa jengo hilo, ambao umejaza vitabu, umezungumza sana juu ya mtazamaji anayetembea na picha inayoinama, na kidogo mno juu ya mtazamaji anayeviringika. Kama jengo limekusudiwa kusomwa kwa mwili, basi hapana budi miili yote iulizwe imesoma nini.

La tatu ni kutazamika, nalo ndilo lililosahauliwa zaidi kwa sababu halionekani katika ramani ya jengo. Desturi ya nyumba nyingi za sanaa ni kutundika picha hivi kwamba kati yake iwe kiasi cha sentimita 145 hata 152 kutoka sakafuni, kwa hesabu ya jicho la mtu aliyesimama. Taasisi ya Smithsonian ya Marekani, katika mwongozo wake wa maonyesho, yasema kwamba usawa wa jicho la mtu mzima aliye katika kiti cha magurudumu ni baina ya sentimita 109 na 130. Basi toka jicho lile hata kati ya picha pana tofauti ya sentimita 15 hata 43. Kwa picha kubwa itazamwayo kwa mbali, tofauti hiyo si kitu. Kwa picha ndogo ni jambo kubwa, maana mtazamaji huiona kwa chini juu. Na kama ina kioo au vanishi, taa zilizoelekezwa kwa ajili ya jicho la juu humrudishia yeye mng'ao mahali ambapo wengine waona rangi. Mwongozo huohuo waonya kwamba kitu kidogo kilichowekwa juu ya sentimita 101 hivi, wengi wa watu waketio na wafupi watakiona kwa chini tu. Meza ya kioo yenye kitabu cha kale, ikiwa ndefu kwa kimo, humwonyesha aketiye ukingo wa mbao na mgongo wa kitabu; maandishi yamelala mbele ya watu wengine.

Hapa atasimama mpinzani aseme: Picha zikishushwa, wasimamao watainama, na wasimamao ndio wengi. Jibu ni kwamba hakuna atakaye kushusha zote. Shabaha ni kwamba kipimo kisifanywe kimoja kikaitwa cha maumbile. Waketio si watu wa viti vya magurudumu pekee. Watoto wa shule, ambao makumbusho hudai kuwa ndio wageni wake wa thamani, wana jicho la kimo kilekile. Na zaidi ya hayo, mpinzani amesahau kwamba sanaa nyingi za dunia hazikutengenezwa kwa ajili ya jicho la mtu aliyesimama. Nyumbani kwa Wajapani, mchoro wa kuning'inizwa huwekwa katika kidaka maalumu cha chumba ambamo watu huketi juu ya mikeka. Jicho lake halisi ni jicho la mtu aketiye sakafuni. Picha nyingi za madhabahu za Ulaya ziliwekwa mbele ya watu waliopiga magoti. Kazi hizo zilipohamishiwa katika makumbusho zikainuliwa kwa ajili ya wasimamao, na aketiye kitini akaambiwa kwamba yeye ndiye asiye na kimo sawa. Huenda mbele ya baadhi ya kazi hizo yeye ndiye peke yake aliye mahali pake.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Msomaji wa pwani aufikirie mlango wa nakshi wa Unguja au wa Lamu. Nakshi za miimo yake huanza chini kabisa, karibu na kizingiti, na mara nyingi ni samaki au mchoro wa namna yake aliye chini, kisha mmea au mnyororo ukapanda kutoka kwake. Mtu apitaye haraka huona kizingiti cha juu na maandishi yake, ikiwa yapo. Atakayeisoma miimo tangu mwanzo wake ni yule aliyeketi barazani ng'ambo ya njia, kwa starehe, akingoja kahawa. Na vidaka vya nyumba za mawe za Lamu, vilivyopambwa kwa chokaa iliyochorwa na kuwekewa sahani za Kichina, vilipamba vyumba ambamo watu waliketi. Baraza, kama neno, ni mahali pa kukaa na pia ni mkutano wa watu wenye haki ya kusema. Utamaduni uliojenga neno hilo haukuona kuketi kuwa ni upungufu wa kusimama. Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Kizingiti kilekile cha chini, kilicho kirefu, na ngazi za mawe zilizo nyembamba na za kusimama, havikumfikiria mtu wa magurudumu, na nyumba hizo zifanywapo makumbusho, kutazamika kwake kwingi hukwama katika kuingilika.

Ushahidi ulio na nguvu kuliko wote, hata hivyo, watoka kwa wachoraji wenyewe. Auguste Renoir, katika miaka yake ya mwisho huko Cagnes-sur-Mer, alichora akiwa katika kiti cha magurudumu, viungo vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi. Mwaka 1919, miezi michache kabla ya kufa kwake, alikwenda Louvre akiwa katika hali hiyo kuona picha zake zimetundikwa pamoja na za mabingwa wa zamani. Henri Matisse, baada ya kupasuliwa tumbo mwaka 1941, aliishi zaidi kitandani na kitini, na kutoka humo ukazuka mtindo wake wa karatasi zilizopakwa rangi na kukatwa kwa mkasi. Mwaka 1952, katika chumba chake cha kulia mjini Nice, aliwaelekeza wasaidizi wake wabandike kuta zote ukanda wa karatasi nyeupe wenye waogeleaji wa buluu. Kazi hiyo, iitwayo "Bwawa la Kuogelea", ni mali ya Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York tangu mwaka 1975. Ukanda ule uko juu ya usawa wa jicho la aketiye. Hili ni la kuzingatiwa: jicho la kitini halikutaka vitu vishushwe hata magotini. Matisse alijizungushia maji yakapita juu yake, kama mtu aliye ndani ya bwawa. Alichokuwa nacho yeye, na mgeni wa kiti katika makumbusho hana, ni mamlaka ya kusema kitu kiwe wapi.

Mfano wa Frida Kahlo wa Meksiko watufikisha kwenye kiini. Alipata ugonjwa wa kupooza utotoni, akavunjwa mwili na ajali ya basi mwaka 1925. Na baada ya kupasuliwa uti wa mgongo mara nyingi mwaka 1950 na 1951, alijichora akiwa katika kiti cha magurudumu, ubavuni pake pana egemeo lenye picha ya tabibu wake Juan Farill. Mkononi ana ubao wa rangi ulio moyo, na brashi zinadondoka damu. Kiti hakikufichwa chini ya nguo wala hakikufanywa cha huruma. Ndicho mahali pa kazi pa mtu anayetazama na kutazamwa. Mwaka 1953, yalipofunguliwa maonyesho yake ya kwanza ya pekee nchini mwake, katika nyumba ya sanaa ya Lola Álvarez Bravo, aliletwa kwa gari la wagonjwa, akalazwa kitandani katikati ya ukumbi, wageni wakamzunguka. Siku ile ukumbi ulipangwa kwa kulifuata jicho lililolala.

Nyumba yake ya Coyoacán ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1958, na kiti chake kimewekwa mbele ya egemeo lake. Karakana ya Renoir huko Cagnes-sur-Mer nayo yaonyesha kiti chake. Mgeni atazamaye viti hivyo, akielewa avionavyo, hujifunza kwamba sanaa kubwa imefanywa kutoka kimo kile. Kisha katika nyumba nyingi za sanaa duniani, picha zilizozaliwa katika kimo hicho zimeinuliwa kwa ajili ya wengine. Kiti kimeheshimiwa kama kitu cha kuonyeshwa, hakijaheshimiwa bado kama mahali pa kutazamia.

Nirudi kwenye lugha kwa ufupi. Yamekwisha semwa mengi juu ya majina kama kiwete, kipofu na kiziwi, kwamba ngeli ya ki- huwafanya watu kuwa vitu. Hoja hiyo ina kiasi cha ukweli, lakini kijana, kinyozi na kiongozi wamo katika ngeli hiyohiyo, na upatanisho wa kitenzi huwarudishia wote nafasi ya watu: kiwete amefika, viwete wamefika. Hatari ninayoiona iko zaidi katika kitenzi cha kutendeka kuliko katika jina. Jina likiudhi twalisikia na kulibadili. Tumekwisha pata "mtu mwenye ulemavu". Lakini "linafikika" haliudhi mtu, na kwa hiyo hakuna alichunguzaye.

Kwa hayo napendekeza mambo matatu. Kwanza, watungao kamusi na istilahi wasiliandike "ufikivu" kana kwamba ni sifa ya jengo peke yake. Maelezo yake yamtaje mfikiaji, na yatofautishe kuingilika, kupitika na kutazamika, ili mwandishi wa sheria na mkaguzi wa majengo wapate maneno matatu ya kuulizia. Pili, makumbusho yetu, yanapotengeneza maonyesho, yaandike vipimo vya jicho pamoja na vya mlango: kimo cha kadi za maelezo, kimo cha meza za kioo na nafasi ya magoti chini yake, mwelekeo wa taa, na mahali pa sakafu iliyo sawa pa kutulia mbele ya kila kazi. Hayo si ya gharama kubwa yakifikiriwa mapema. Tatu, wahakiki wa sanaa waandikao kwa Kiswahili, ambao ni wachache na kwa hiyo desturi zao bado hazijakauka, waseme waliitazama kazi kutoka wapi, kama wasemavyo waliiona mwaka gani.

Neno makumbusho limetokana na kukumbusha, nalo ni kitenzi cha kusababisha: hakitimii mpaka awepo mtu wa kukumbushwa. Katika jambo hili wazee waliolitumia neno hilo walichagua vema kuliko sisi tuliochagua "ufikivu". Iliyobaki ni kazi ya wale wenye kupigilia misumari ukutani.